Kalamu ya Rais na Haki ya Mtumishi Kusikilizwa

Vijana wapendwa, katika mazungumzo yetu juu ya nchi kuna swali linalorudi mara nyingi: je, Rais wa Jamhuri anaweza kumfukuza kazi mtumishi wa Leta wakati wowote apendapo? Wengine hujibu upesi kwamba anaweza, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa wote. Wengine husema kwamba maadamu anafukuza wala rushwa, hakuna haja ya kuuliza ametumia njia gani. Majibu hayo yote mawili yamewahi kujaribiwa nchini mwetu, na historia inaonyesha yalitufikisha wapi. Leo tunasimulia habari ya mahakimu 315 walioachishwa kazi mwaka 1998 kwa amri moja, kwani ndani yake tutaona kwa nini sheria huiwekea mipaka hata kalamu ya mkuu wa nchi.

Amri namba 144

Laurent-Désiré Kabila alichukua utawala tarehe 17 Mei 1997, baada ya Mobutu kutawala kwa zaidi ya miaka thelathini. Siku kumi baadaye alitia sahihi amri ya kikatiba namba 003, iliyompa mamlaka ya kutunga sheria pamoja na mamlaka ya kuongoza Serikali. Hapakuwa na bunge lililochaguliwa na wananchi. Mahakama alizozirithi zilikuwa zimechoka: mishahara ilikuwa midogo mno, majengo yamechakaa, na watu wengi walikuwa wamezoea kusema kwamba haki hununuliwa kama samaki sokoni. Kiu ya kusafisha nchi ilikuwa kubwa, na haikuwa kiu ya uongo.

Tarehe 2 Agosti 1998 vita ya pili ilianza. Mji wetu wa Kalemie uliangukia mikononi mwa waasi wa RCD, tukatengwa na Kinshasa kwa miaka kadhaa. Ni katika mwaka huo wa vita, tarehe 6 Novemba 1998, Rais Kabila alipotia sahihi amri namba 144. Kwa karatasi hiyo mahakimu 315, waamuzi pamoja na waendesha mashtaka wa Parke, walifukuzwa kazi. Amri iliwashutumu kwa pamoja kuwa ni watu wasio na maadili, wala rushwa, watoro wa kazi, au watu waliothibitika kutoiweza kazi yao.

Tuyasome mashtaka hayo kwa makini. Mtu aliyetoroka kazi si sawa na mla rushwa, na asiyeiweza kazi huenda ni mwaminifu kabisa. Ukiwaweka watu 315 chini ya sentensi moja yenye makosa manne yanayotofautiana, hakuna hata mmoja wao anayeweza kujua ameshtakiwa kwa lipi. Na asiyejua shtaka lake atajiteteaje? Jirani zake nao watamhesabia makosa yote manne.

Sheria ya kuwalinda ilikuwapo. Hadhi ya mahakimu iliwekwa na sheria ya tarehe 29 Septemba 1988, yaani ilitungwa wakati wa Mobutu mwenyewe. Rais aliweza kumfukuza hakimu, lakini kwa pendekezo la Baraza Kuu la Mahakimu, chombo chenye kazi ya kuchunguza makosa ya kinidhamu. Mahakimu waliofukuzwa walilalamika kwamba njia hiyo haikufuatwa: Baraza halikupendekeza, na wao hawakuitwa kujieleza.

Hatusemi kwamba wote 315 walikuwa watu safi. Huenda kati yao walikuwamo waliostahili kufukuzwa. Lakini amri ile haikuacha njia ya kuwatenganisha wenye hatia na wasio na hatia, kwa sababu hakuna kesi iliyosikilizwa. Mla rushwa aliweza kujiita mteswa wa siasa, naye hakimu mwadilifu alibaki na doa asiloweza kulifuta. Amri iliyokusudiwa kusafisha mahakama ilichanganya ngano na magugu katika gunia moja.

Safari ya kutafuta haki

Baadhi ya mahakimu hao hawakukubali kunyamaza. Waliandika malalamiko kwa wakubwa na kuomba amri irekebishwe. Wawili kati yao walikamatwa tarehe 18 Desemba 1998 na kuzuiliwa hadi tarehe 22 mahali ambapo kisheria hapakuwa gereza. Kisha shauri lao likapelekwa mbele ya Mahakama Kuu ya Haki kule Kinshasa.

Jibu lilitoka tarehe 26 Septemba 2001, miezi minane baada ya Laurent-Désiré Kabila mwenyewe kuuawa. Mahakama iliona kwamba amri namba 144 ilikuwa tendo la utawala wa kisiasa, sehemu ya mpango wa Rais wa kusafisha maadili ya taifa, na kwamba tendo la namna hiyo halichunguzwi na mwamuzi. Maana yake ilikuwa hii: watu waliotumia maisha yao kusikiliza kesi za wengine hawakupata mtu wa kusikiliza yao.

Ulibaki mlango mmoja, nao ulikuwa nje ya nchi. Mwaka 1976 nchi yetu, ikiitwa Zaire, ilijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na za Kisiasa wa mwaka 1966, ikakubali pia kwamba raia wake wanaweza kupeleka malalamiko kwa Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Mahakimu 68 miongoni mwa wale 315 walitumia njia hiyo. Shauri lao lilipewa namba 933 ya mwaka 2000, na linajulikana duniani kwa jina la Mundyo Busyo, mlalamikaji wa kwanza.

Tarehe 31 Julai 2003 Kamati ilitoa maoni yake. Ilisema kwamba haki ya raia kuingia katika utumishi wa umma kwa usawa inabeba ndani yake haki ya kutoondolewa humo kiholela. Ilisema pia kwamba kuwafukuza mahakimu bila kufuata utaratibu na dhamana zilizowekwa na sheria ni kushambulia uhuru wa mahakama. Kuhusu wale wawili waliokamatwa, iliona kwamba walinyimwa uhuru wao bila haki. Ikaitaka Serikali iwarudishe kazini wote 68, ikiwa hapakuwa na utaratibu halali wa nidhamu dhidi yao, na iwalipe fidia iliyohesabiwa kwa kufuata mishahara ambayo wangeipata.

Kamati haikusema kwamba hakimu hawezi kufukuzwa, wala haikuwatangaza wale 68 kuwa watakatifu. Ilichosema ni kwamba yapo mambo yanayopaswa kutangulia kabla mtu hajaondolewa.

Milango mitatu

Sisi tuliopitia mafunzo ya ualimu tunayafahamu mambo hayo kutokana na maisha ya shule. Mwanafunzi anaposhutumiwa kosa kubwa, mkuu wa shule mwenye busara hamfukuzi akiwa amesimama uani na fimbo mkononi. Mwalimu wa darasa au msimamizi wa nidhamu huleta ripoti, mwanafunzi huitwa mbele ya baraza la nidhamu aeleze upande wake, na wazazi wasiporidhika hupeleka malalamiko ngazi ya juu. Uamuzi unaweza kuwa uleule wa kumfukuza. Lakini mtoto huondoka akijua sababu, na wenzake wanaobaki wanajua kwamba siku yao ikifika nao watasikilizwa.

Mipaka ya Rais juu ya watumishi wa Leta hufuata njia hiyohiyo, nayo ina milango mitatu. Wa kwanza ni pendekezo: Rais haanzi peke yake, huletewa jambo na chombo chenye ujuzi na mamlaka ya kulichunguza. Wa pili ni kusikilizwa: mtumishi huambiwa kosa lake na kupewa nafasi ya kujibu. Wa tatu ni mwamuzi: mtumishi akiona ameonewa, yupo asiyekuwa Rais wala mtu wa Rais wa kuipima amri ile. Mwaka 1998 mlango wa kwanza na wa pili ilirukwa, na mwaka 2001 wa tatu ukafungwa kwa ufunguo.

Kisa hiki si kigeni katika Injili. Nikodemo aliwakumbusha wakuu wenzake kwamba sheria yao haimhukumu mtu kabla ya kumsikiliza na kujua alichotenda. Hakuwa akitetea kosa. Alikuwa akitetea utaratibu, na kwa sababu hiyo tu wenzake walimdhihaki.

Katiba ya 2006 inasema nini

Watunzi wa Katiba ya sasa, iliyopitishwa kwa kura ya wananchi mwezi Desemba 2005 na kutangazwa tarehe 18 Februari 2006, waliijua historia hii. Tuwasaidie wenzetu kuifungua na kuisoma, maana hakuna anayeruhusiwa kusema kwamba haijui sheria.

Kifungu cha 82 kinampa Rais uwezo wa kuwateua, kuwaondoa na hata kuwafukuza mahakimu, lakini kwa pendekezo la Baraza Kuu la Mahakimu. Kifungu cha 152 kinaliweka Baraza hilo mikononi mwa mahakimu wenyewe, na kulipa kazi ya kuandaa mapendekezo hayo na kusimamia nidhamu. Kifungu cha 150 kinasema kwamba mwamuzi, katika kazi yake, hutii mamlaka ya sheria tu, na kwamba haondolewi kitini pake ovyo.

Kwa watumishi wakubwa wengine, yaani mabalozi, majenerali, maofisa wa juu wa utawala na wakuu wa mashirika ya Leta, kifungu cha 81 kinamtaka Rais apate pendekezo la Serikali lililojadiliwa katika Baraza la Mawaziri, na amri yake ibebe pia sahihi ya Waziri Mkuu. Kifungu cha 193 kinaongeza kwamba utawala wa umma si wa chama chochote, na hakuna anayeruhusiwa kuugeuza kuwa chombo chake binafsi. Nao watumishi wa kawaida wa Leta wanalindwa na sheria namba 16/013 ya tarehe 15 Julai 2016. Humo kufukuzwa kazi ni adhabu ya mwisho kabisa ya kinidhamu, nayo haipaswi kutolewa kabla mtumishi hajapata nafasi ya kujieleza. Mwenye malalamiko juu ya amri ya wakubwa wa nchi anaweza kwenda mbele ya Baraza la Dola, mahakama ya juu ya mambo ya utawala.

Hiyo sahihi ya pili, ya Waziri Mkuu au waziri, yaweza kuonekana jambo dogo la karani. Historia yasema vingine. Tarehe 5 Septemba 1960, Rais Kasavubu alipotangaza redioni kwamba amemwondoa Waziri Mkuu Lumumba, Sheria ya Msingi ya wakati ule ilidai sahihi ya waziri kando ya ile ya Rais. Mawaziri wawili, Bomboko na Delvaux, ndio waliotia sahihi. Lumumba naye akatangaza kwamba Kasavubu ameondolewa. Wabunge walibatilisha hatua za pande zote mbili, lakini tarehe 14 Septemba Mobutu aliingilia kati kwa nguvu ya jeshi. Kweli, waziri si mtumishi wa kazi ya kudumu, na kumwondoa ni jambo la kisiasa zaidi. Hata hivyo tunajifunza kwamba pande mbili zikibishana juu ya mipaka ya kalamu, na hakuna mwamuzi anayeheshimiwa na wote, mwenye bunduki ndiye atakayeamua.

Swali hilo lilirudi miaka sitini baadaye. Tarehe 17 Julai 2020 Rais Tshisekedi alitia sahihi amri za kuteua mahakimu wengi. Waamuzi wawili wa Mahakama ya Katiba, Kilomba na Ubulu, walipangiwa viti katika Mahakama ya Kasasioni. Walikataa, wakisema kwamba muda wao wa miaka tisa uliowekwa na Katiba ulikuwa haujaisha. Isitoshe, amri hizo zilitiwa sahihi ya pili na waziri aliyekuwa akimkaimu Waziri Mkuu Ilunga Ilunkamba, ambaye wakati huo alikuwa Lubumbashi. Upande wa Waziri Mkuu ulilalamika, na upande wa Rais ukajibu kwamba kaimu alikuwa na mamlaka hayo. Tarehe 21 Oktoba 2020 waamuzi wapya walikula kiapo, huku upande mwingine wa muungano uliotawala wakati huo ukigoma kuhudhuria. Kila mmoja wenu aweza kuwa na maoni yake juu ya nani alikuwa na haki. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwaka 1998 hakuna aliyelazimika kueleza pendekezo limetoka wapi wala nani ametia sahihi. Mwaka 2020 pande zote zililazimika kujitetea kwa vifungu vya Katiba. Mlango waweza kusukumwa kwa nguvu, lakini sasa upo, na watu wanauona.

Ng'ambo ya ziwa na mbali zaidi

Tusidhani kwamba mapambano haya ni ya Kongo peke yake. Ng'ambo ya ziwa letu, nchini Tanzania, mtumishi aitwaye Gwagilo alistaafishwa na Rais kwa maneno mafupi ya «manufaa ya umma». Alikwenda mahakamani, na katika miaka ya 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua kwamba hata Rais hana budi kutoa sababu. Tuone uzito wake: mtu asiyepewa sababu hana cha kujibu.

Nchini Kenya, mwaka 1988, Bunge lilibadilisha Katiba na kuwaondolea waamuzi ulinzi wa kazi yao, hata Rais akaweza kuwaachisha kwa urahisi. Malalamiko yakawa makubwa, na ulinzi huo ukarudishwa mwaka 1990. Katiba yao ya 2010 inasema wazi, katika kifungu cha 236, kwamba mtumishi wa umma hafukuzwi bila utaratibu wa sheria.

Hata Marekani, zamani kila rais mpya aligawa kazi za Serikali kwa wafuasi wake na kuwatoa wa mtangulizi wake. Mwaka 1881 Rais Garfield alipigwa risasi na mtu aliyekasirika kwa kutopewa kazi aliyoitamani. Mwaka 1883 ikatungwa sheria iliyotaka baadhi ya watumishi waingie kazini kwa mtihani, si kwa urafiki. Mwaka 1935 Mahakama yao ya juu iliamua kwamba Rais Roosevelt hakuwa na haki ya kumwondoa mjumbe wa tume ya biashara kwa sababu tu walitofautiana kimawazo. Tangu mwaka 2025 mabishano hayo yamefufuka huko kwa nguvu. Mipaka hii haijengwi mara moja ikabaki. Kila kizazi huitwa kuilinda.

Yanatuhusu nini sisi wa Kalemie?

Mtu aweza kusema: mahakimu na majenerali ni watu wa juu, sisi twatafuta unga. Lakini mkulima mwenye shamba lililonyang'anywa, mjane anayefukuzwa nyumbani na ndugu za marehemu, kijana aliyekamatwa bila kosa, wote husimama mbele ya hakimu. Hakimu anayejua kwamba kalamu moja yaweza kumtupa nje kesho hatahukumu kwa kufuata sheria. Atachungulia kwanza uso wa mkubwa. Kwa hiyo ulinzi wa kazi yake hakuwekewa kwa ajili ya starehe yake. Umewekwa kwa ajili ya mjane yule.

Ndivyo ilivyo kwa mwalimu, muuguzi na karani. Hapa kwetu wako wanaofanya kazi ya Leta miaka mingi bila namba ya matrikule na bila mshahara. Mtu wa namna hiyo akiambiwa asirudi kesho, ana ushahidi gani mkononi? Tukitaka sheria imlinde mtumishi, hatuna budi kuanza na mambo madogo: barua ya kuajiriwa, faili lililotunzwa, jibu la maandishi kwa kila barua ya kuomba maelezo. Ninyi mtakaoingia kazini kesho, tunzeni karatasi zenu, na mkipewa madaraka, wapeni wengine karatasi zao.

Kuna jambo jingine, nalo latuuma zaidi. Mwaka 1998 haikuwa vigumu kufurahia kuanguka kwa mahakimu, kwa kuwa kila mtu alikuwa na kisa chake cha rushwa. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Tunapoishangilia adhabu isiyosikilizwa kwa sababu imempata tusiyempenda, tunauchonga mkuki utakaotuchoma wenyewe. Nchi haiponywi rushwa kwa kuacha kusikiliza. Huponywa kwa uchunguzi wa kweli, mtu mmoja mmoja, mwenye hatia aondoke na asiye na hatia abaki akiwa ameinua uso.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, mweka hazina au kiongozi akishutumiwa, je, huwa tunafuata ile milango mitatu: ripoti, kusikilizwa, na ngazi ya juu ya kulalamikia?
2. Someni pamoja vifungu vya 81, 82 na 150 vya Katiba. Ni maneno gani humo yangewasaidia mahakimu wa mwaka 1998?
3. Je, tumewahi kufurahia mtu kuadhibiwa kabla ya kusikilizwa? Tungefanya nini leo ili kurekebisha?